Chupa Namba Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza vibaya. Ukuta wa nyuma wa maabara unatoa jasho tangu saa tatu asubuhi. Mkuu wetu aliupapasa, akakitazama kiganja chake, akatangaza kwamba kuanzia sasa kabati la joto tunamokuzia seli litafunguliwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni, na kila anayelifungua ataandika saa na kusaini kwenye daftari la mlangoni. Unyevu ukiingia, ukungu unafuata. "Seli ni kama wali," alisema, "ukiufunuafunua hauivi." Amesema hivyo kila msimu wa mvua kwa miaka sita. Mimi na Pacha humalizia sentensi pamoja naye kama watoto wa chekechea.

Pacha si ndugu yangu. Tuliajiriwa siku moja, tukapewa makoti yaliyozidi saizi siku moja, basi jina likamganda. Anaimbaimba akifanya kazi na kalamu yake huitafuta mpaka aambiwe iko sikioni.

Daftari hili nimelianzisha kwa sababu kuna jambo siwezi kuliandika kwenye lile la mlangoni. Mdogo wangu amekubaliwa kwenye jaribio letu. Nyumbani tunamwita Refa kwa kuwa ndiye mwalimu anayechezesha mechi zote za shule yake. Ini lake limefika mwisho. Kazi yetu ni hii: daktari anachota uboho kwenye mfupa wa nyonga ya mgonjwa, sisi tunatenga seli shina zilizomo, tunazilisha wiki tatu na ushei mpaka zijae chupa, kisha anarudishiwa mwenyewe kupitia mshipa unaoingia kwenye ini. Huenda zikalisaidia kujijenga. Huenda, ndiyo maana linaitwa jaribio.

Chupa zina namba, hazina majina, ili anayelisha asijue anamlisha nani. Na mfanyakazi mwenye ndugu kati ya wagonjwa anapaswa kusema, ahamishiwe idara nyingine. Akificha na ikajulikana, mgonjwa wake anatolewa. Nilitia saini karatasi hiyo mwenyewe.

Nitamwambia Mkuu kesho.

Jumanne, 4 Machi

Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Sikumwambia. Nikihamishwa, nani atabaki na zile chupa? Pacha? Mtu asiyejua kalamu yake iko wapi?

Jumanne, 11 Machi

Leo wamechotwa uboho wagonjwa wawili wa mwisho. Saa tano muuguzi alileta masanduku mawili ya baridi, namba tano na namba sita. Kwenye karatasi ya namba tano daktari ameandika: kiasi kidogo, sindano mara mbili. Nilipokea, nikafanya kazi yangu kama siku zote. Saa nane chupa zote mbili zilikuwa ndani ya kabati. Mojawapo ni ya mdogo wangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka wodini. Refa yuko kitanda cha dirishani. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Virusi vilianza kulila ini lake tangu ujana, kimyakimya, lakini mtaani wameshaamua kwamba ni pombe. Hajawahi hata kuionja. "Nimekosa hata raha ya dhambi niliyohukumiwa," aliniambia, akacheka mpaka wifi yangu akamshika bega.

Kisha akasimulia ya jana. Sindano nene kama msumari, mfupa ukagoma, wakarudia upya. Mara mbili, dada, mara mbili! Nilijitia hamnazo, nikaendelea kumenya chungwa. Namba tano ni yeye.

Kitanda cha pili yuko mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote, wodi nzima wanamwita Dereva. Yeye alikunywa, wala hafichi. Aliniambia bila kuulizwa kwamba alikunywa miaka ishirini na mitano, ameacha miwili, na hana virusi vya kuvisingizia. Sikumpenda. Nilijiuliza inakuwaje aliyejichimbia shimo anapewa kamba ileile anayopewa aliyesukumwa. Nilimpa kipande cha chungwa kwa adabu tu.

Jumamosi, 15 Machi

Seli zimeanza kushika chini ya chupa. Namba sita zimeshika vizuri. Namba tano ni chache, moja huku, moja kule.

Nilifungua kabati asubuhi, nikasaini. Jioni, nikasaini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua mara tatu. Ya tatu sikusaini. Ilikuwa dakika moja tu.

Jumanne, 18 Machi

Mara tatu. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mara nne. Mvua haijakata tangu Jumatatu na ukuta wa nyuma umeota madoa ya kijani. Mkuu ameusugua kwa dawa yeye mwenyewe, mikono ya koti imekunjwa.

Jumapili, 23 Machi

Si siku yangu ya kazi. Nilimwambia mlinzi nimesahau mwavuli, akaniruhusu, ingawa mwavuli nilikuwa nao mkononi. Hakuuliza. Watu humwamini mwanamke mwenye koti jeupe.

Chakula cha seli ni maji ya rangi ya waridi, sisi tunayaita juisi. Ratiba ni kuyabadilisha kila siku ya tatu. Namba tano ilibadilishwa jana. Niliibadilishia tena leo, kwa sababu zimedumaa na mimi ni dada mkubwa. Refa alipokuwa mdogo nilimlisha mpaka akatapika, nikapigwa mimi.

Jumatano, 26 Machi

Leo Refa hakunijua.

Nilifika saa kumi jioni, muda wa kutazama wagonjwa. Wifi alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi, mkoba kifuani, hataki kuingia. Ndani, mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani anamkaripia Dereva kwa kuchelewa mtihani. Akanigeukia, akaniita mwalimu mkuu, akaniomba radhi kwa kelele za darasa lake. Mikono yake ilikuwa inapepea kama ya mtu anayeaga. Daktari alieleza kwamba sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja imepanda kichwani, akampa dawa ya kumfungua tumbo, akasema tusubiri.

Tulisubiri saa tatu. Dereva ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Samahani mwalimu, foleni ilikuwa ndefu," akaomba karatasi ya maswali. Refa akatulia, akaanza kumpa hesabu za kujumlisha, na yule mzee akazijibu moja moja, nyingine kwa kukosea makusudi ili asahihishwe. Wifi akaingia, akaketi. Kuelekea saa moja Refa akalala, na alipoamka akaniita Dada.

Nilitoka pale nikakimbia kwenye mvua mpaka maabara. Nililowa chapachapa. Nilivaa glavu mpya lakini chini yake mikono ya blauzi ilikuwa inachuruzika, nami sikuwa na subira ya kubadili nguo. Niliitoa namba tano, nikaiweka chini ya hadubini, nikazitazama seli nusu saa nzima. Nikaongeza juisi kidogo. Sikusaini popote.

Ijumaa, 28 Machi

Pacha ameuliza mbona juisi inaisha haraka. Nikasema labda anamwaga. Akasema labda.

Jumapili, 30 Machi

Zimeongezeka! Namba tano zimejaa nusu ya chupa. Wakizirudisha Alhamisi kama ilivyopangwa, zitatosha. Nimelala mchana leo, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatatu, 31 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitajidanganya.

Saa mbili Pacha alifungua kabati, akasaini, akaacha kuimba. Juisi ya namba tano ilikuwa ya njano na nzito. Mkuu aliichukua kwa mikono miwili akaipeleka kwenye hadubini. Hakukaa sana. Aliniachia kiti nitazame, nami nikaona nyuzi za ukungu zimetambaa kila mahali, na katikati yake seli zimesinyaa. Chupa nyingine zote zilikuwa safi. Saa tatu na robo Pacha aliimwaga namba tano kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa utaratibu, na mimi nilisimama pembeni nikishika ndoo.

Nilimwua mdogo wangu. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani nikipanda ngazi za wodi. Nilimlisha mpaka nikamwua.

Daktari alishafika. Alikuwa amesimama kati ya vitanda viwili, faili mkononi, mgongo kwangu. Nikashika ukuta. Kisha akageukia kushoto, akavuta kiti, akaketi karibu na Dereva. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba seli zake zimeharibika maabara, kwamba wanasikitika sana, kwamba itabidi kuanza upya.

Dereva alitazama dari. "Basi mzigo umeangukia njiani," alisema.

Nilimsogelea Refa nikamwuliza, kwa sauti ambayo sidhani ilikuwa yangu, si yeye aliyechomwa mara mbili? Akaona haya. Akasema aliyechomwa mara mbili ni mzee, yeye sindano moja tu ilitosha, ila hadithi ya mzee ilikuwa tamu kuliko yake ndiyo akaikopa. Mtu huyu hajawahi kusimulia kitu bila kutia chumvi tangu anaota meno, na mimi ndiye niliyemlea. Ilikuwaje nikasahau?

Namba sita ndiye yeye. Namba sita, niliyoipita kila siku bila kuitupia jicho, ni nzima na imejaa.

Nilifurahi. Hakuna atakayelisoma daftari hili, kwa hiyo naandika: nilifurahi mno, na Dereva yuko hatua mbili kutoka kwangu amejifunika shuka mpaka kidevuni.

Jumanne, 1 Aprili

Mkuu ametangaza: hakuna uboho mpya utakaopokelewa mpaka ijulikane uchafu uliingiaje. Maana yake Dereva hawezi kuanza upya. Kinachomsumbua Mkuu ni kwa nini chupa moja tu, wakati zote zinakaa kabati moja. Kwenye daftari la mlangoni, aliyeilisha namba tano mara ya mwisho ni Pacha, siku ya Ijumaa. Ameitwa ofisini mara mbili. Alitoka mara ya pili amevua koti.

Aliniuliza kama niliwahi kumwona akifanya kosa. Nikasema sikumbuki.

Nikisema leo, Refa anatolewa na seli zake zinamwagwa. Alhamisi saa nne anarudishiwa. Siku mbili tu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa. Dereva ametapika damu asubuhi. Daktari alikuja maabara mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, akamwambia Mkuu kwamba damu ya mzee inazidi kukataa kuganda, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo sindano ya nyonga inavyokuwa ya hatari. Mkuu akasema hawezi kupanda seli za mtu kwenye shamba ambalo hajui mdudu amejificha wapi. Wote wawili walikuwa sahihi. Mimi nilikuwa naosha vifaa ambavyo vilishaoshwa.

Jioni wodini binti yake alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Dereva akaniita, akanitambulisha: huyu ni dada yake mwalimu, anafanya kazi kulekule wanakotutengeneza. Binti akanishukuru. Nilisema asante, kisha nikasema karibu, sijui nilisema nini.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa nne na dakika kumi walimrudishia Refa seli zake. Mfuko mdogo, maji meupe kidogo, saa moja unadondoka. Wifi alikuwa anaomba kwa mnong'ono. Refa alikuwa anasimulia kwamba anazisikia zinaingia, zinabisha hodi. Nilitazama tone la mwisho likiingia. Saa tano na robo nikashuka ngazi, nikaingia ofisini kwa Mkuu, nikafunga mlango.

Nilimwambia yote. Ndugu yangu, karatasi niliyosaini, mwavuli, juisi, blauzi iliyolowa. Nilimwambia Pacha hana kosa lolote. Hakunikatiza. Alikuwa ameshika kalamu na hakuandika kitu.

"Uchafu huu umejulikana tangu Jumatatu," alisema mwishowe. "Wewe umejua tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

"Ungesema Jumatatu, ningelazimika kumtoa mdogo wako."

"Najua."

"Na yule mzee angechotwa Jumanne."

Alinyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu na ufunguo. Nilipokuwa mlangoni aliniambia nivue na koti, na sauti yake ndipo ilipokatika. Miaka sita.

Pacha alikuwa koridoni, nikataka kumwomba radhi. Akaniambia, "Pita." Nikapita.

Jumamosi, 5 Aprili

Maabara imeanza tena kupokea uboho jana. Leo wamemchota Dereva. Wamemwongezea damu kwanza ili igande, na hata hivyo alitoka damu mpaka adhuhuri.

Refa ameondolewa kwenye hesabu za jaribio, lakini kilichoingia mwilini hakitolewi. Nimemwambia tu kwamba nimeachishwa kazi kwa kuvunja taratibu.

Jumapili, 6 Aprili

Daktari alinikataza kumwambia Dereva mpaka uongozi umwandikie. Niliona nisipomwambia leo nitapata sababu kesho, nazijua sababu zangu. Refa alikuwa amepelekwa kupigwa picha. Nilivuta kiti nikaketi pale daktari alipoketi.

Nilimwambia chupa yake niliiharibu mimi nikidhani ni ya mdogo wangu, kwa kuipenda kupita kiasi. Hapo akatabasamu kidogo. Nikamwambia kisha nilinyamaza siku tatu, makusudi, ili mdogo wangu apate zake. Tabasamu likaondoka.

"La kwanza nimekusamehe," alisema. "Barabarani nimeua mbwa, nimeua mbuzi, nimewahi kukaribia kuua mtu, na hata mara moja sikukusudia. La pili usiniombe leo. Nikipona nitakusamehe. Nisipopona, utabaki nalo."

Nikasema sawa, mzee. Akaniambia nimwinue mto.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikwenda nikamnyoa Dereva ndevu. Binti yake anafanya kazi kiwandani, hapati ruhusa kila siku.

Ijumaa, 11 Aprili

Macho ya Refa yameanza kuwa meupe pembeni. Daktari anasema vipimo vimeshuka kidogo, na kwamba hawezi kuapa kama ni seli, au ni dawa za virusi, au ni mwili wenyewe. Wifi hataki kusikia hiyo sehemu ya pili.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemnyoa Dereva. Ananisimulia barabara. Kuna kona moja mlimani aliipita miaka ishirini na kila mara alizima redio. Nimegundua nakuja mapema ili nisikie.

Alhamisi, 17 Aprili

Pacha amenipigia simu. Hakusalimia. Alisema, "Za mzee zimeshika vizuri, nimeona ujue," akakata.

Jumatatu, 21 Aprili

Dereva hali uji tena. Binti yake ameomba likizo bila mshahara.

Alhamisi, 24 Aprili

Amefariki saa nane mchana, mvua inanyesha, binti yake amemshika mkono mmoja na mimi sikuthubutu kuushika wa pili. Refa alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu chini, amenyoosha mgongo kama anavyosimama shuleni wakati wa wimbo wa taifa.

Nilimpigia Pacha. Alikuwa ameshasikia. Alisema chupa ilikuwa imejaa karibu yote, hajawahi kuona seli zilizopangana vizuri vile kwa mtu wa umri ule. Nikamwuliza zilikuwa zimebakiza muda gani. Akasita, nami nikajua anatafuta namna ya kunionea huruma baada ya yote niliyomfanyia. Nikamwambia asiitafute.

"Siku mbili, tatu hivi," alisema.

Ijumaa, 2 Mei

Refa ameruhusiwa. Tumbo limepungua, anafunga suruali kwa kifungo badala ya kamba. Wifi alikwenda kuchukua dawa dirishani, tukabaki wawili tunakunja nguo. Kitanda cha pili kimeshapata mtu mwingine, kijana, alikuwa amelala.

Refa aliniambia kwamba mzee alimsimulia kila kitu kabla ya kufa. Alisema hivyo huku anatafuta soksi. Hakutia chumvi yoyote.

"Zile siku tatu," akasema, "ulikuwa unanisubiri mimi."

"Ndiyo."

Akaivaa ile soksi, akavaa na ya pili. Alikuwa analia bila kelele, na mimi sikuwa na haki ya kumfuta machozi, nikamwacha.

"Dada, usije ukaniambia kama ungefanya tena."

Sikumwambia. Nilichukua mfuko wake, yeye akabeba viatu mkononi kwa kuwa miguu bado imevimba, tukamfuata wifi kwenye korido. Alitembea mwenyewe, polepole, mpaka nje. Nilikuwa nyuma yake nikihesabu kila hatua, na jibu nilikuwa nalo, lilelile la Jumatatu ile niliponyamaza.